Mtungi mmoja wa kuzamia kwa mtu wa bara: aluminiamu au chuma, na lita ngapi?

Mtu wa Moshi au Arusha anayetafuta mtungi wake mwenyewe wa kuzamia ana tatizo ambalo mtu wa Nungwi hana: bahari iko mbali. Kutoka Moshi hadi Tanga ni kama kilomita 350, ukianzia Arusha unaongeza 80, na hewa ya kupumua utaijaza hukohuko pwani. Mtungi wako utakaa stoo na kwenye buti la gari muda mrefu kuliko utakavyokaa majini. Ushauri mwingi wa kuchagua mtungi hutolewa na watu wanaoishi hatua chache kutoka ufukweni, ndiyo maana unatuhusu nusu tu.

Jambo la kwanza ni kujiuliza kama unauhitaji. Vituo vingi vya kuzamia Zanzibar, Mafia na Pangani huweka mtungi na risasi (vile vipande vizito vya mkandani vya kukusaidia kuzama) ndani ya bei ya kuzamia. Kama unashuka pwani mara moja moja na unazamia na kituo, pesa yako ianzie kwenye maski inayokukaa, kompyuta ya kuzamia inayovaliwa mkononi na regulata, yaani kifaa cha kupumulia kinachofungwa kwenye koki ya mtungi. Mtungi uwe wa mwisho kabisa. Wanaouhitaji kweli ni wale wenye boti yao au wanaochangia kompresa na wenzao, wanaoshuka karibu kila mwezi, au wenye vibarua vya majini kama kukagua nanga na chini ya boti. Ninaandika kwa ajili ya hao.

Tunapima nini

Mitungi ya kulinganisha ni minne, ile utakayokutana nayo mara nyingi, mipya au mitumba: aluminiamu ya lita 11.1 (wengi huiita "themanini", kwa futi za ujazo 80 za hewa, ingawa kwa kweli inabeba 77 na ushei), chuma cha lita 10, chuma cha lita 12 na chuma cha lita 15. Aluminiamu mwisho wake ni baa 207 (baa ni kipimo cha presha). Ile ya chuma nitaichukulia ya baa 232, ndiyo iliyozoeleka.

Vigezo ni hivi: hewa utakayopata kwa presha utakayojaziwa kweli, tabia ya mtungi majini ukiwa umejaa na ukiwa umekwisha, uzito wake nchi kavu, matunzo ya kitu kinacholala miezi bila kutumika, na mwisho koki. Cha kwanza ndicho kinachowapoteza wengi, kwa hiyo tukae nacho kidogo.

Hewa ni lita za mtungi mara presha. Chukua mzamiaji anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Akiwa mita 18 presha inayomzunguka ni baa 2.8, kwa hiyo anatumia lita 56 kwa dakika. Akiacha baa 50 za akiba, anabaki chini dakika hizi:

| Mtungi | Ukijazwa baa 200 | Ukijazwa hadi mwisho wake |
|---|---|---|
| Chuma lita 10 | 27 | 32 |
| Aluminiamu lita 11.1 | 30 | 31 |
| Chuma lita 12 | 32 | 39 |
| Chuma lita 15 | 40 | 49 |

Sijatoa hewa ya kushuka, ya kupanda, wala ya kusimama dakika 3 kwenye mita 5. Jedwali hili ni la kulinganisha mitungi, usipangie nalo safari.

Sasa tazama safu ya katikati. Ukijaziwa baa 200, chuma cha lita 12 kinaipita aluminiamu kwa dakika 2 tu. Zile dakika 8 ambazo muuzaji anakusifia zipo pale kompresa inapofika 232, na kompresa inayojaza mitungi ya aluminiamu kutwa nzima haina sababu ya kuvuka 207. Kwa hiyo kabla hujalipia chuma kwa ajili ya hewa zaidi, mpigie simu anayekujazia umuulize anaishia baa ngapi. Muulize pia kama anajaza polepole. Mtungi uliojazwa harakaharaka hutoka ukiwa wa moto, geji inasoma 200, ukifika kwenye boti umeshapoa na baa kadhaa zimepungua.

Kingine ambacho jedwali halionyeshi ni kina. Mzamiaji wetu akienda mita 30 anatumia lita 80 kwa dakika, na aluminiamu yenye baa 200 inampa dakika 20 na kidogo. Jedwali za kuzamia kwa burudani nazo zinampa dakika 20 tu kwenye kina hicho kabla hajalazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Hewa na muda vinaishia karibu pamoja. Mtungi wa lita 15 kwenye kina hicho utakuongezea akiba, dakika hautakuongezea. Faida yake iko mita 12 hadi 20, kwenye matumbawe ambako muda unaoruhusiwa ni mrefu (dakika 56 kwa mita 18) na hewa ndiyo inayokurudisha juu.

Aluminiamu, lita 11.1

*Hewa.* Ya kutosha kwa wengi. Ndio mtungi ambao pengine ulijifunzia, na vituo vingi vya pwani yetu vimeujaza kwenye rafu zao. Geji utaisoma kwa mazoea, na hilo si jambo dogo.

*Majini.* Hapa ndipo pana udhaifu wake. Ukiwa umejaa unazama kidogo. Ukikaribia kwisha unataka kuelea kwa karibu kilo 2, kwa sababu hewa uliyoitumia ilikuwa na uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Usipobeba risasi za kufidia, unafika kwenye kile kituo cha mita 5 ukiwa na baa 60 na mtungi unakuvuta mgongo juu, miguu inapiga kutafuta chini. Kwa hiyo mkanda wako utakuwa na kilo 2 hadi 3 zaidi ya mwenzako mwenye chuma.

*Nchi kavu.* Pamoja na koki ni kama kilo 15 ukiwa mtupu. Kitako chake ni bapa, unasimama wenyewe bila kiatu cha plastiki. Usiuache umesimama ovyo hata hivyo, boti ikiyumba utaangukia mguu wa mtu.

*Matunzo.* Hauna kutu ile nyekundu inayokula chuma. Chumvi ikinasa chini ya wavu au kiatu huacha unga mweupe na vishimo, lakini ukiusuuza kwa maji yasiyo na chumvi na kuukausha unadumu miaka mingi. Mwiko wake mkubwa ni moto: usimpe fundi wa rangi ya magari aupake na kuuingiza kwenye tanuri. Joto la namna hiyo linailegeza aluminiamu, na mtungi haurudi tena kuwa mtungi wa presha.

*Unamfaa* anayeanza, anayezamia sehemu tofauti tofauti, na anayetaka kitu kitakachouzika kesho bila maelezo mengi.

Chuma, lita 12

*Hewa.* Tumeshaiona: dakika 2 zaidi ya aluminiamu, au 8, kutegemea kompresa.

*Majini.* Hii ndiyo sababu ya kweli ya kuupenda. Ukiwa umekwisha bado unazama kidogo, haukupindui. Risasi zinapungua kiunoni, mgongo unashukuru, na mwili unalala vizuri ndani ya maji. Wanawake na vijana wembamba wanaovaa suti ya mpira ya milimita 3 huisikia tofauti hii mara moja.

*Nchi kavu.* Uzito ni karibu sawa na aluminiamu, kilo 15 hivi ukiwa mtupu na koki yake. Kwa kuwa risasi ni chache, mzigo mzima wa safari unakuwa mwepesi. Mingi kitako chake ni cha duara, kwa hiyo unahitaji kiatu cha plastiki, na hicho kiatu ndicho kinachoficha kutu.

*Matunzo.* Chuma hakisamehe maji ndani. Kompresa yenye kichujio kilichochoka ikiingiza hewa yenye unyevu, au ukiumaliza mtungi kabisa na bahari ikapata upenyo, kutu inaanza kimyakimya huku wewe uko Arusha unasubiri likizo. Rudi nyumbani na baa 20 au 30 ndani, funga koki, usimamishe mtungi stoo. Kila mwaka ufunguliwe na mtu anayejua, atazame ndani kwa taa.

*Unamfaa* aliyekwisha jua risasi zake, mwenye uhakika wa kompresa nzuri, na asiyechoka kutunza vitu.

Chuma, lita 10

*Hewa* ni ndogo kuliko zote ukijaziwa 200, na karibu sawa na aluminiamu ukijaziwa 232. *Majini* tabia yake ni ya chuma, haupindui mtu. *Nchi kavu* ndiko unakopendeza: pungufu ya kilo 2 au zaidi kuliko ile miwili iliyotangulia, na mfupi, haukugongi kisogo wala kiuno. *Matunzo* ni yaleyale ya chuma. *Unamfaa* mtu mdogo wa mwili anayepumua taratibu. Mtu mkubwa anayepumua kwa nguvu asiuguse, atakuwa wa kwanza kupanda kila mara na kuwakatizia wenzake.

Chuma, lita 15

*Hewa.* Nyingi. Dakika 40 hata kwa baa 200. Kwa mtu mwenye mapafu makubwa anayezamia na mwenza anayepumua kama kobe, mtungi huu unaokoa urafiki.

*Majini.* Hapa kuna jambo ambalo watu wa maji ya joto wanapaswa kulisikia vizuri. Mtungi huu ukiwa umejaa unazama kwa kilo kadhaa, na hewa peke yake ni kilo 4. Ulizoeleka kwenye nchi za maji ya baridi, ambako mtu anavaa suti nene inayoelea sana. Bahari yetu ni nyuzi 25 hadi 29, wakati wa kaskazi hata zaidi, na watu huvaa milimita 3 au kaptura ya suti. Mtu mwembamba akiubeba mtungi huu anaweza kujikuta hahitaji risasi hata moja. Inasikika vizuri, ila jaketi lako la kuelea, lile la kujazwa hewa, likitoboka ukiwa chini, huna cha kudondosha ili upande. Uzito wote uko kwenye kitu unachopumulia.

*Nchi kavu.* Ukiwa umejaa unafika kilo 22 au karibu. Kutoka gari hadi boti maji yakiwa yamekupwa, ukitembea kwenye matope na mawe ya Pangani, utauhisi kila hatua.

*Matunzo.* Kama chuma chochote, na kujaza kwake ni kwa muda mrefu. Kituo kinachotoza kwa mtungi huenda kisifurahi.

*Unamfaa* mtu mkubwa anayemaliza hewa mapema kwenye kina cha kati na anayezamia kutoka kwenye boti.

Koki, mihuri na mtumba

Koki ziko za aina mbili: ya kubana, ambapo regulata inakumbatia koki na kukazwa kwa nyuma, na ya kufunga kwa uzi, ambayo huitwa DIN. Ya kubana mwisho wake ni baa 232. Nunua koki ya DIN ya baa 232 yenye kidude cha katikati kinachotolewa kwa spana ya alen: kikiwemo inapokea regulata ya kubana, ukikitoa inapokea ya uzi. Mtungi wa baa 300 uache. Koki yake ina uzi mrefu, vichwa vya kujazia vya baa 200 vimetengenezwa visiifikie kwa makusudi, na hata ukipata kiunganishi utaishia kujaziwa 200 kwenye mtungi mzito kuliko unavyohitaji.

Mtumba soma begani. Aluminiamu ya Marekani imegongwa 3AL, chuma 3AA, kisha presha, namba, na mwezi na mwaka wa kila jaribio. Mtungi wa Ulaya utaonyesha lita, kilo zake ukiwa mtupu, presha ya kazi na presha ya majaribio. Wauzaji wengine husoma hiyo ya mwisho na kukuambia mtungi ni wa baa 348. Sivyo, 348 ni ile 232 iliyozidishwa moja na nusu kwa ajili ya jaribio la maji. Jaribio hilo kwa kawaida ni kila miaka 5, na kituo makini kitakataa kujaza mtungi uliopitwa. Kwa hiyo mtungi wa bei ya kutupa wenye tarehe ya zamani si rahisi kama unavyoonekana, mpaka ujue wapi utapimwa na kwa shilingi ngapi.

Aluminiamu iliyotengenezwa kabla ya 1990 mimi singeinunua hata kwa bei ya soda. Mingi ya zamani ilitumia mchanganyiko uitwao 6351, unaoweza kupasuka polepole shingoni. Luxfer waliuacha Marekani mwaka 1988 na kuhamia 6061. Pia usibadilishe koki kwa fundi wa kukisia. Uzi wa shingo wa M25 na ule wa robo tatu ya inchi hufanana kwa macho, moja huingia kwenye nyingine na kukaza kabisa, kisha koki hufyatuka presha ikipanda. Watu wameumia hivyo.

Na kwa kuwa tuko bara: kompresa ya gereji ya matairi si ya mtungi huu, presha yake haifiki popote na hewa yake ina mafuta. Oksijeni ya hospitali au ya wachomeleaji usithubutu. Oksijeni tupu ni sumu kuanzia mita 6 hivi kwenda chini, na kwenye vifaa visivyosafishwa kwa ajili yake inawasha moto.

Njiani, na kurudi juu

Kwa basi, jiandae kwa mazungumzo stendi. "Mzee, gesi haipandi." "Si gesi ya kupikia kaka, ni hewa tu." "Hata kama." Nenda na mtungi mtupu, koki ikiwa wazi, umwonyeshe konda, mambo yatakuwa mepesi. Ndege ndogo za kwenda visiwani nyingi zina kikomo cha kilo 15 za mzigo, kwa hiyo mtungi mmoja umemaliza haki yako yote, na lazima uwe mtupu. Kwa gari lako, ulaze mtungi na uufunge, usiuache uliojaa juani. Kila nyuzi moja ya joto inaongeza karibu baa 0.7 kwenye mtungi wa baa 200. Buti likitoka nyuzi 30 hadi 60, umeongeza baa 20.

Kurudi ndiko kunakohusu ukubwa wa mtungi kuliko watu wanavyodhani. Moshi iko kati ya mita 800 na 900 juu ya bahari, Arusha kama 1,400. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, kuhusu kuruka kwa ndege baada ya kuzamia, saa 12 baada ya mbizi moja na 18 baada ya mbizi nyingi au za siku kadhaa, unahesabu kuanzia mita 610 hivi. Yaani kuendesha gari hadi nyumbani kwetu kunaingia humo. Mwenye lita 15 aliyekaa chini muda mrefu mara mbili asubuhi ana nitrojeni nyingi mwilini (ile gesi ya hewa inayoweza kugeuka mapovu ukipanda juu kabla haijatoka) kuliko mwenye lita 10, na ndiye anayetamani kuwahi kazini Jumatatu. Lala Pangani. Ikibidi usogee, Korogwe na Mombo bado ni chini, lakini Same umeshapanda, na Lushoto ni sawa na Arusha. Waongoza wageni wa mlima mnaozamia mnalijua hili: Kilimanjaro kwanza, bahari baadaye, kamwe si kinyume.

Kwa hali yako

Unazamia na vituo, Zanzibar leo, kisiwa cha Maziwe mwezi ujao: usinunue. Ukishindwa kujizuia, aluminiamu.

Mna boti na kompresa yenu inayofika 232, na kuna mtu mmoja anayewajibika kubadilisha vichujio: chuma lita 12. Hapo dakika za jedwali ni za kweli. Kama kompresa ni ya kuazima na vichujio ni vya kukisia, aluminiamu itawavumilia zaidi.

Ni mtu wa kilo 100, geji yako inafika 50 wakati wenzako wana 110: lita 15, kwa sharti kwamba umejipima majini na bado kuna risasi mbili tatu unazoweza kudondosha. Zikikosekana, rudi kwenye 12 na ujifunze kupumua taratibu, ni bure.

Una mwili mdogo, unasafiri kwa basi, unapanda ngazi tatu hadi kwako: lita 10, mradi anayekujazia anafika 232.

Unaulizia Ziwa Chala: usinunue mtungi kwa ajili yake. Kina chake kinafika karibu mita 90, kingo zimesimama, na liko zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jedwali na kompyuta vinahitaji marekebisho ya mwinuko na wewe unahitaji mafunzo yake. Maji yasiyo na chumvi pia yatakupunguzia kilo kadhaa za risasi, kwa mtungi wowote.

Umebaki kati ya aluminiamu na chuma lita 12: omba kituo kikuazime wa chuma siku moja. Mwisho wa mbizi, ukiwa na baa 50 kwenye mita 5 na suti yako ileile, mpe mwenzako risasi mojamoja hadi uanze kuelea, kisha urudishe moja. Hizo zilizobaki ndizo utakazobeba. Fanya hivyohivyo na wa aluminiamu, halafu ndiyo uende dukani.